Kabla ya Kulipia Safari ya Meli, Soma Bandari Zake

Kila mwaka, Disemba ikianza kunukia, matangazo ya safari za meli za kitalii humwagika kwenye simu. Siku nne baharini, chakula bila kipimo, bwawa la kuogelea juu ya meli, na bei kwa maandishi makubwa mekundu. Chini yake kuna mstari mdogo: lipa arbuni leo, nafasi zinaisha. Wateja wetu wanatuuliza kama wanaweza kulipia safari hizo kwa simu. Ndiyo, inawezekana, na tutafika huko. Lakini kuna swali linalofaa kuulizwa kabla ya hilo. Meli yenyewe inaenda wapi, inapitia wapi, na inakaa kila mahali kwa saa ngapi?

Tunalitanguliza kwa sababu pesa za safari hii zinaweza kupotea bila tapeli yeyote kuhusika. Mtu analipa kila kitu kwa uaminifu, kampuni ni ya kweli, meli ipo. Anasafiri kwa ndege hadi bandari ya kuanzia, anajipanga kwenye foleni na sanduku lake, halafu anaambiwa viza yake ni ya kuingia mara moja tu, na meli hii inatoka nje ya nchi kisha inarudi. Hapandi. Na katika masharti ya kampuni nyingi za meli, msafiri asiye na hati kamili harudishiwi nauli. Hizo ni akiba za miaka miwili za mtu, au pesa za chama kizima, zimeyeyuka kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi ya viza.

Meli uliyoiona Kilindini huenda si yako

Wakazi wa Mombasa wamezoea kuziona meli hizi zikiingia Kilindini, hasa kati ya Novemba na Machi. Bandari ina kituo maalum cha abiria wake, na asubuhi meli ikifika utaona mabasi yakielekea Fort Jesus na magari ya safari yakikimbilia Tsavo. Ndiyo maana wengi hudhani mtu anaweza kupandia hapo hapo nyumbani. Kwa kawaida sivyo. Nyingi ya meli hizo ziko katikati ya safari ndefu, abiria walipandia bandari nyingine mbali na watashukia nyingine mbali zaidi.

Kwa hivyo Mkenya anayetaka likizo ya meli huanza na tiketi ya ndege. Hili pekee linageuza hesabu yote. Safari ya meli ya dola 400 inayoanzia mbali inaweza kukugharimu zaidi ya ile ya dola 700 inayoanzia mahali ambapo ndege ni nafuu na viza haihitajiki. Bei ya tangazo haikwambii hivyo. Ramani ndiyo itakwambia.

Njia ambazo tungeziangalia kwanza

Tuanze na Durban, Afrika Kusini. Tangu Januari 2023, mwenye pasipoti ya Kenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Msimu wa meli huko ni majira yao ya joto, kuanzia Novemba hadi kama Aprili, na safari nyingi ni fupi, usiku 3 au 4, kuelekea pwani ya Msumbiji. Vituo maarufu ni kisiwa kidogo cha Portuguese Island kwenye ghuba ya Maputo, na Pomene, kaskazini zaidi. Ni fukwe za mchanga mweupe na maji ya kuogelea, si miji ya kuzunguka. Kama unatafuta maduka na majengo ya kale, hapa hutayapata.

Jambo la kujua kuhusu vituo hivi viwili ni kwamba meli haifungi gatini. Inatia nanga mbali kidogo na abiria wanapelekwa ufukweni kwa boti ndogo. Bahari ikichafuka, nahodha anafuta kituo na mnabaki melini. Miezi hiyo hiyo ya msimu ndiyo pia miezi ya vimbunga kwenye mlango bahari wa Msumbiji. Sasa fikiria safari ya usiku 3 yenye kituo kimoja tu, na kituo hicho kimefutwa. Umelipia hoteli inayoyumba. Wako wanaofurahia hivyo na hatuwalaumu, lakini kama wewe unaenda kwa ajili ya ufukwe, tafuta ratiba yenye vituo viwili au zaidi, ikiwa tofauti ya bei si kubwa. Na suala la kuingia Msumbiji kwa pasipoti yako, liulize na ujibiwe kwa maandishi, kwa sababu ruhusa ya kuingia Afrika Kusini haikuruhusu kushuka nchi nyingine.

Kwenye Ghuba, meli huanzia Dubai, Abu Dhabi au Doha wakati wa baridi yao, Novemba hadi Machi hivi. Hapa tiketi za ndege kutoka Nairobi ni nyingi na ushindani husaidia bei. Ratiba za siku 7 hupita Doha, kisiwa cha Sir Bani Yas, wakati mwingine Khasab kule Musandam, ambako milima inaingia moja kwa moja baharini, na Muscat. Muscat tunaipenda kwa sababu yetu wenyewe: soko la Mutrah liko karibu na bandari, na kwa kuwa familia nyingi za Oman zina mizizi Zanzibar na pwani yetu, unaweza kuuliza bei ya ubani kwa Kiingereza ukajibiwa kwa Kiswahili safi kuliko chako.

Lakini Ghuba ndiko mtego wa viza ulikojificha vizuri zaidi. Meli inatoka Dubai, inaenda Oman au Qatar, inarudi Dubai. Ukitoka maji ya Falme za Kiarabu, viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi. Unahitaji ya kuingia mara nyingi, na bei yake ni tofauti. Mtu anayekuuzia safari akikwambia "viza tutaipanga", muulize ni ya aina gani, na kwa nchi zipi.

Bahari ya Mediterania ina ratiba tamu kuliko zote, na pia yenye makaratasi mengi kuliko zote. Mzunguko wa kawaida wa magharibi ni Barcelona, Marseille, Genoa, bandari ya Roma, labda Palermo, kisha kurudi. Nchi hizo zote ziko Schengen, kwa hivyo viza moja inatosha. Ongeza Tunis kwenye ratiba hiyo, au upande wa mashariki ongeza Istanbul au Kotor ya Montenegro, na hali inabadilika. Umetoka Schengen na unarudi, basi viza iwe ya kuingia mara nyingi, pamoja na ya nchi husika kama inadaiwa. Croatia, ambayo zamani ilikuwa nje, iliingia Schengen Januari 2023, kwa hivyo Dubrovnik haina shida hiyo tena. Makala za zamani mtandaoni bado zinasema vingine, zisikuchanganye.

Ada ya ombi la viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Ombi likikataliwa, ada hairudi. Familia ya watu wazima 4 imeshatumia yuro 360 kabla ya kuona maji.

Singapore tutaipitia haraka. Mkenya haingii kwa viza Singapore wala Malaysia, na safari fupi za usiku 3 au 4 kwenda Penang au Port Klang ziko nyingi. Ni nzuri kwa makaratasi. Tatizo ni nauli ya ndege, ambayo inaweza kuzidi ya meli mara mbili. Ratiba ikigusa Phuket, hiyo ni Thailand, na masharti yake yaangaliwe kivyake.

Halafu kuna mto Nile. Watu wengi hawaufikirii wakisikia safari ya meli, ilhali kwa maoni yetu ndiyo ratiba inayompa msafiri wa kwanza thamani kubwa zaidi kwa kila siku. Meli ni ndogo, zinatembea kati ya Luxor na Aswan, usiku 3 au 4. Hazitoki Misri, kwa hivyo viza ni moja, ya Misri, basi. Hakuna mawimbi ya kukupindua tumbo. Na vitu vya kuona viko ukingoni mwa mto. Kule Kom Ombo hekalu liko juu kidogo tu ya mahali meli inapofunga, unashuka na kutembea. Luxor una Karnak upande mmoja na Bonde la Wafalme upande wa pili. Kati yao kuna Edfu, na kuna lango la maji la Esna ambapo meli hupanga foleni kupita kama matatu za Githurai saa ya jioni.

Chagua miezi ya Oktoba hadi Aprili. Kiangazi huko joto hupita nyuzi 40 na bei huwa nafuu kwa sababu hiyo hiyo. Uliza pia kama Abu Simbel imo kwenye bei. Iko karibu kilomita 280 kusini ya Aswan, watu huondoka kabla ya mapambazuko, na mara nyingi hulipiwa kando. Sehemu ya maji hayo, tukumbushane, ilitoka Ziwa Victoria ikapitia Jinja, kwa hivyo mtu wa Kisumu akienda Luxor anaweza kusema kwamba amefuata mto wa nyumbani.

Saa zilizoandikwa na saa utakazopata

Ukishapata ratiba mkononi, usiangalie majina ya miji tu. Angalia saa. Kampuni huandika mji mkubwa unaovutia, lakini meli inafunga bandari ya mbali. "Roma" maana yake ni Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka mjini. "Florence" ni Livorno. "Paris" ni Le Havre, kama kilomita 200.

Tuseme ratiba inasema Roma, 08:00 hadi 18:00. Kwa saa zetu hiyo ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na inaonekana ni siku nzima. Toa muda wa kushuka na foleni. Toa zaidi ya saa moja kwenda mjini na nyingine kurudi. Kisha kumbuka abiria wanatakiwa kuwa ndani nusu saa au saa nzima kabla ya meli kuondoka. Umebaki na saa tano au sita za Roma, na hapo hujakula. Palermo na Marseille zinakuweka karibu zaidi na mji. Ratiba mbili zenye majina mazuri sawa zinaweza kutofautiana hivyo.

Meli haimsubiri aliyechelewa kwa ziara aliyojipangia mwenyewe. Atajilipia usafiri hadi kituo kinachofuata, kama viza yake inamruhusu kufika huko. Hata saa ya simu inaweza kukuponza, kwa sababu meli hufuata saa yake na simu hufuata ya nchi. Muulize mhudumu meli inatumia saa gani, uiandike kwenye karatasi.

Hesabu pia siku za baharini, zile ambazo meli haishuki popote. Mzee aliyechoka anazipenda. Kijana wa miaka 15 atakuwa anakuuliza mnafika lini. Na kama hujawahi kukaa baharini usiku, anza na safari fupi. Feri ya Likoni haihesabiki.

Bado kuna sharti moja linalosahaulika. Mkataba wa kampuni za meli huwapa ruhusa ya kubadilisha au kuruka kituo kwa sababu ya hali ya hewa au usalama, mara nyingi bila fidia kubwa. Baada ya mashambulizi ya meli kwenye Bahari ya Shamu kuanza mwishoni mwa 2023, kampuni kadhaa zilifuta njia hiyo na kuzungushia meli zao kwingine. Kama kuna kituo kimoja ambacho bila hicho safari haina maana kwako, jiulize kabla ya kulipa utajisikiaje kikikosekana.

Sasa tuzungumze pesa

Bei ya tangazo huwa ni ya chumba na chakula cha kawaida. Juu yake huja ada za bandari, ada ya huduma inayokatwa kwa kila mtu kila usiku, vinywaji, intaneti na ziara za nchi kavu. Ada ya huduma pekee huwa dola kumi na kitu kwa mtu kwa usiku. Watu wawili kwa usiku 7, kwa dola 14, ni dola 196 ambazo hazikuwa kwenye picha. Omba bei ya jumla, kwa maandishi, kabla ya kutuma hata shilingi.

Halafu kuna shilingi yenyewe. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu KSh 160. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa karibu KSh 129. Safari ya dola 1,200 ilikuwa KSh 192,000, ikashuka hadi KSh 154,800. Safari hiyo upepo uliwafaa waliosubiri, lakini unaweza kugeuka. Kwa hivyo ukilipa mdogo mdogo, uliza: bei imefungwa kwa shilingi siku niliyolipa arbuni, au kila awamu itapigwa kwa dola ya siku hiyo? Vyama vingi huvunjika urafiki hapa, kwa sababu watu 10 waliweka kiasi kilekile kila mwezi wakidhani wamemaliza, kumbe kuna pengo la kujaziwa.

Kabla ya arbuni, fanya mambo haya kwa mpangilio. Hakikisha wakala ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo ndiyo huwapa leseni mawakala wa usafiri nchini. Pata jina la meli, tarehe ya kuondoka, orodha ya bandari na saa zake, na masharti ya kurudishiwa pesa, hasa viza ikikataliwa. Balozi zinaweza kutaka kuona kwamba umeshika nafasi, na wewe hutaki kulipa yote kabla ya viza. Njia ya katikati ni arbuni inayorudishwa, au nafasi iliyoshikwa hadi tarehe fulani. Wakala akikataa kuandika hilo, nenda kwa mwingine.

Unapolipa, tumia nambari ya Paybill au Till iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Jina litatokea kwenye simu unapolipa. Lisome. Kama risiti inasema kampuni moja na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama hapo hapo. Kisingizio cha kawaida ni kwamba "Paybill ina shida leo, tuma kwa namba ya mhasibu". Paybill ikiwa na shida leo, utalipa kesho.

Muamala mmoja una kikomo, kwa sasa KSh 250,000, na KSh 500,000 kwa siku. Familia kubwa itahitaji kugawa malipo. Weka kila ujumbe wa uthibitisho, na uombe risiti inayotaja nambari ya muamala. Wakala akishalipia meli, atapewa nambari ya nafasi yako. Hiyo nambari ichukue mwenyewe uiingize kwenye tovuti ya kampuni ya meli, au uwapigie. Kama jina lako halitokei, huna safari bado, haijalishi una risiti ngapi. Piga simu siku hiyo hiyo, kwa sababu pesa zikishaingia kwa biashara, kuzirudisha si suala la kubonyeza tu, inahitaji mwenye akaunti akubali au uchunguzi ufanyike.

Hati nyingine isiyohusu pesa lakini inaweza kukuzuia: Afrika Kusini na Singapore hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka Kenya. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo kuchanja wiki ya kusafiri ni kuchelewa. Na pasipoti iwe na angalau miezi 6 iliyobaki.

Ukiwa ndani ya meli

Huko ndani hulipi kwa simu. Unafungua akaunti ya melini kwa kadi au kwa kuweka pesa taslimu, na matumizi yote hukatwa humo kwa dola, yuro au randi kulingana na meli. Kama utatumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu yako, uliza mapema kama meli inaikubali, kwa sababu nyingi hutaka kadi ya plastiki mkononi. Pia meli huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, na kiasi hicho kinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa baada ya kushuka.

Laini yako nayo ina hatari yake. Meli ikiwa mbali na nchi kavu, simu inaweza kushika mtandao wa melini unaopitia setilaiti, na dakika chache tu za data zikala salio lote. Weka simu kwenye hali ya ndege meli inapong'oa nanga. Ubaya wake ni kwamba ujumbe wa siri wa kuthibitisha malipo hautakufikia pia. Karo, kodi ya nyumba, awamu ya mkopo, chochote kinachoangukia siku hizo, kilipe kabla ya kupanda au umwachie mtu wa nyumbani pesa alipe kwa laini yake mwenyewe. Nambari yako ya siri usimwachie, hata awe ndugu wa tumbo moja.